Gari Linalochemka Baada ya Manibe

Awindiri, Arua
4 Februari 2024

Baba mdogo Jada,

Salamu kwako, kwa mama mdogo Pasca, na kwa wote walio hapo nyumbani Kuluba. Sisi tupo. Shule zinafunguliwa kesho na nimepewa tena darasa la sita, watoto tisini na wawili katika chumba kimoja. Nikirudi kutoka shuleni Mvara jioni sina hata nguvu ya kuvua viatu. Baba anakusalimu. Miguu yake imevimba tena tangu Krismasi, na macho sasa yanatambua mwanga na vivuli tu. Daktari amembadilishia dawa. Anakula kidogo, na kuzungumza ni kidogo zaidi.

Najua simu kwako ni makelele matupu tangu masikio yalipozidi kuziba, kwa hiyo nimerudia kalamu. Umaru amekubali kubeba barua zetu katika pikapu yake kila anapokwenda Koboko na mizigo.

Ninalotaka kukuuliza ni habari ya gari. Lile Pijo la Baba lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba yangu, chini ya turubai, tangu Mama alipofariki mwaka 2019. Hakuna aliyeligusa. Mwezi wa kumi na mbili Baba akaniambia nitafute fundi aliwashe. Nilidhani anataka kuliuza. Kumbe anataka kwenda nalo Kuluba, kwenye kaburi la Mama, ambalo hajalifikia tena tangu siku ya mazishi. Nilimwambia gari lolote litatufikisha, hata Umaru atatubeba. Akasema, "Hapana. Hilo lilimwacha njiani. Nataka lifike."

Fundi wangu anaitwa Adriko, mtu mzima, mpole, hana papara. Gari linawaka vizuri. Mjini linatembea siku nzima. Tumeliacha uani likinguruma nusu saa na mshale wa joto haukusogea. Lakini tukishika lami ya kwenda Koboko, likivuka sabini, mshale unaanza kupanda baada ya Manibe, na tusipopunguza mwendo linachemka, mvuke unatoka kwenye boneti. Tukipunguza, mshale unashuka wenyewe. Adriko amejikuna kichwa mpaka amechoka.

Wewe ndiye uliyelitengeneza na kuliendesha miaka yote hiyo. Nieleze tuanzie wapi. Na kama ungeweza kuja mwenyewe, hata siku mbili, ingekuwa bora zaidi. Baba hajakaa nawe tangu mazishi.

Mwanao,
Laurette


Kuluba
27 Februari 2024

Binti yangu Laurette,

Barua yako Umaru aliileta tarehe kumi. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shamba, tulikuwa tunang'oa muhogo kabla mbuzi wa jirani hawajaumaliza. Pasca anakusalimu. Ameng'olewa jino na shavu bado limevimba, lakini kazi hajaacha. Mjukuu wetu Sandra amepita mtihani, sasa anataka sare na viatu. Mimi niko. Mgongo unauma asubuhi na jioni, mchana nausahau.

Mwambie kaka namsalimu sana.

Kuhusu gari. Gari hii ni ya mwaka 1974, ni kubwa kwako kwa umri. Kama inachemka kwa mwendo mkubwa, mara nyingi ni rejeta imejaa kutu ndani, maji yanapita kidogo. Mwambie fundi aitoe, aifungue juu na chini, aisafishe kwa waya mpaka aone mwanga upande wa pili. Aitazame ile thamostati inayofungulia maji, aichemshe kwenye sufuria aone kama inafunguka. Na kifuniko cha rejeta, kama mpira wake umekauka, atafute kingine.

Kuja siwezi. Mgongo huu hauwezi barabara.

Nikikupa shauri la kweli, uzeni hiyo gari. Kuna watu Arua wanaopenda magari ya zamani, wataipaka rangi na kuiweka kwa arusi. Mpeleke kaka kwa gari nyingine. Kaburi ni lile lile.

Baba yako mdogo,
Jada


Awindiri, Arua
24 Machi 2024

Baba mdogo,

Tunashukuru kwa barua na kwa gunia la muhogo na majani yake. Baba alikula kisamvu siku mbili mfululizo, jambo ambalo sijaliona mwaka huu. Mpe mama mdogo pole ya jino. Mimi nimekohoa wiki nzima kwa vumbi la chaki, na wazazi wa darasa la sita wamenijia mmoja mmoja kuuliza kwa nini watoto wao hawajui kugawanya.

Tumefanya yote uliyosema. Rejeta ilitoa matope mekundu kama udongo wa Kuluba. Thamostati ilifunguka vizuri kwenye sufuria yangu, na sufuria hiyo sasa ni ya Adriko. Kifuniko ni kipya. Mpira wa juu wa maji ulikuwa na ufa, akaubadilisha. Wa chini aliukuta bado mpya, akauacha.

Jumamosi tukatoka kulijaribu. Baba alisikia injini, akaja akishika ukuta, akafungua mlango wa nyuma na kukaa. Adriko alinitazama. Nikasema twende tu. Tulipita Manibe kwa themanini na mshale ukiwa umetulia, nikaanza kufurahi. Kisha ukapanda, ukapanda, na tulipokaribia Maracha mvuke ukafunika kioo. Adriko akaegesha kando.

Baba akashuka. Alisimama akishikilia mlango, akauliza, "Tuko wapi?"

"Karibu na Maracha, Baba."

"Kuna mteremko mbele, kisha miti upande wa kushoto?"

Niliangalia. Ilikuwa hivyo, ila kwetu ilikuwa kinyume, kilima badala ya mteremko na miti kulia, kwa sababu tulikuwa tunatoka Arua. Nikamwambia. Akarudi kukaa nyuma, na usiku huo hakutaka dawa.

Baba mdogo, ni pale pale, sivyo? Mimi sikuwepo. Nilikuwa nafanya kazi Gulu, hapa Arua nikija likizo tu, nikafika Kuluba nikakuta Mama ameshaoshwa. Najua tu kwamba alitapika damu alfajiri, kwamba wewe uliendesha, na kwamba gari lilichemka njiani. Hakuna aliyewahi kunieleza zaidi ya hapo, nami sikuuliza. Sasa nauliza.

Na gari je? Tufanye nini kingine?

Mwanao,
Laurette


Kuluba
2 Mei 2024

Binti yangu,

Natumaini kikohozi kimeisha. Hapa mvua imeanza, tumepanda mahindi na simsim. Pasca ni mzima. Umaru alipita mara tatu na sikumpa barua, usimlaumu. Nilikuwa sijaandika.

Kuhusu gari. Fundi atazame taiming. Kama cheche inachelewa, injini inapata joto bure. Atazame kabureta isiwe inanyima petroli. Feni isiwe imewekwa kinyume. Mkanda wa feni usiteleze. Kama hayo yote ni mazuri, basi endesheni kwa hamsini. Kwa hamsini itafika Koboko bila shida, na mpaka Kuluba.

Kuhusu siku ile sina la kukueleza. Mama yako alikuwa mgonjwa sana. Mungu alipanga.

Mwambie kaka anywe dawa.

Jada


Awindiri, Arua
26 Mei 2024

Baba mdogo Jada,

Pokea salamu zetu. Kikohozi kimeisha. Likizo nayo imekwisha, kesho narudi darasani. Mama mdogo Pasca nimemtumia kitenge kwa mkono wa Umaru. Kilikuwa cha Mama, alikileta kutoka kwao Ariwara, ng'ambo ya mpaka, alipokwenda kumzika bibi. Kimekaa sandukuni muda mrefu, afadhali kivaliwe.

Adriko amegeuza kila kitu ulichotaja. Taiming ni sawa, kabureta ni sawa, feni na mkanda ni sawa. Kwa hamsini gari halichemki, umesema kweli. Nimesoma mstari ule mara nyingi. Hukuandika "jaribuni". Umeandika kwamba litafika, kama mtu aliyeona. Ulijuaje?

Nitakuambia kwa nini nakusumbua. Baba ameacha dawa. Hakatai kwa ugomvi, anaziweka mdomoni kisha nazikuta chini ya mto. Wiki iliyopita nilikaa kitandani kwake nikamwambia kwamba sitaondoka mpaka aniambie sababu. Kisha akasema kwa Kiswahili kile cha Mama, kile tulichokua nacho sisi watoto kwa sababu Mama hakujua Kikakwa:

"Laurette, mimi ndiye niliua mama yako. Umaru alikuja na gari yake asubuhi ile. Alisema, Mzee, tumpeleke na hii, iko mpya. Nikakataa. Nikasema, mimi iko na gari yangu. Mutu anaweza kukataa vile, na bibi yake iko anatapika damu? Kwa sababu ya sifa tu. Gari lilikuwa kuukuu na mimi nilijua."

Nikamwambia si kosa lake. Akasema, "Jada mwenyewe alinipasulia palepale barabarani. Alisema, gari kuukuu, kaka, tungeiuza zamani. Na alisema kweli."

Anabeba hilo tangu siku ile. Ndiyo maana aliondoka Kuluba. Ndiyo maana nikimtajia jina lako anageuka ukutani. Mimi nilidhani mmegombana. Kumbe anakuonea haya.

Daktari anasema bila dawa hatafika Krismasi. Kama kuna lolote unalolijua kuhusu siku ile linaloweza kumpunguzia mzigo, niandikie. Kama halipo, basi, nitalikokota gari kwa hamsini.

Laurette


Kuluba
23 Juni 2024

Laurette,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimezitia motoni. Hii nampa Umaru leo kabla sijaisoma tena.

Salamu sitaandika.

Wiki mbili kabla ya siku ile, mpira wa chini wa rejeta ulipasuka nikiwa Koboko. Ni ule unaopeleka maji kutoka chini ya rejeta kwenda kwenye pampu. Mpira wa gari hii una springi ndani yake, wewe ukiutazama kwa nje hutaiona. Kazi ya springi ni moja. Injini ikikimbia, pampu inavuta maji kwa nguvu, na mpira usio na springi unajibana wenyewe kama mrija unaponyonywa na mtoto. Maji hayapiti. Ukipunguza mwendo, unajaa tena, na ukiutazama umesimama huoni kasoro.

Mimi nilijua hilo. Nimekuwa dereva na fundi miaka thelathini na tano, nilianza na malori ya jeshi. Springi ya zamani ilikuwa na kutu, ilihitaji kusuguliwa. Niliitupa. Nilipata mpira wa gari nyingine, laini, unaolingana kwa urefu, nikaufunga. Siku hiyo kulikuwa na mpira wa miguu uwanjani Koboko na sikutaka kuchelewa. Kaka akauliza, iko tayari? Nikasema iko sawa. Nilijiambia springi nitaiweka baadaye. Huku kijijini tulitembea polepole, haikujionyesha, nikasahau.

Siku ile nilikimbiza gari kwa tisini. Nani asingekimbiza? Niliuona mshale ukipanda, nikaendelea. Karibu na Maracha ikachemka. Nikasimama, nikafungua boneti injini ikiwa bado inanguruma, nikavuta waya wa mafuta kwa mkono ili injini iende kasi. Mpira ule ukajikunja bapa mbele ya macho yangu. Nikaachia, ukajaa. Nikavuta tena, ukajikunja. Hapo nilijua ni kazi ya mkono wangu.

Nikazima injini ipoe. Mama yako alikuwa nyuma, kichwa kwenye mapaja ya kaka. Aliniuliza, "Jada, iko mbali bado?" Nikamjibu, "Iko karibu, shemeji." Hakuuliza tena. Tulipoongeza maji nikaendesha kwa hamsini na gari haikuchemka tena mpaka Arua. Lakini alikuwa amekwisha kukata roho kabla hatujaondoka pale.

Kaka aliponiuliza kwa nini imechemka, kinywa changu kikasema gari kuukuu. Nilisema ili anyamaze. Sikujua atalimeza neno lile akae nalo. Kisha ilikuwa mazishi, watu wengi, nikasema nitamwambia baada ya arobaini. Kisha akahama. Kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi.

Mgongo wangu unaweza barabara. Nilikudanganya.

Mwambie fundi afungue boneti, mtu mmoja akanyage mafuta, yeye atazame mpira wa chini. Ataona. Mwambie kaka, kwa maneno yatakayokufaa, kwamba si gari yake na si sifa yake. Ni mimi.

Jada


Awindiri, Arua
7 Julai 2024

Baba mdogo,

Kuna jambo hukulijua. Barua zako zote nilikuwa namsomea Baba kwa sauti. Ndivyo tunavyofanya jioni, nakaa mlangoni penye mwanga na yeye anasikiliza kitandani, uso ukutani. Hii nayo niliifungua mbele yake nikaanza kusoma bila kuipitia kwanza. Nilipofika kwenye mpira na springi nikanyamaza. Akasema, "Endelea." Nikamwambia mwandiko ni mbaya. Akasema, "Mwandiko wa Jada ni mzuri tangu shuleni. Endelea."

Nikasoma yote.

Hakulia. Aliniomba nirudie mahali pamoja tu, pale ulipoandika kwamba kinywa chako kilisema gari kuukuu. Nikarudia. Akaniomba tena, nikarudia tena. Kisha akasema, "Miaka minne na nusu," akajifunika shuka mpaka usoni.

Kwa siku tatu hakuinuka kitandani. Siku ya nne nilimkuta amekaa kitandani amevaa shati, ananyoosha kiganja. Alitaka dawa zake. Alizimeza mbele yangu, zote, na maji glasi mbili. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Nataka nguvu ya kufika mbele ya huyo mutu."

Sijui anataka kufika akafanye nini. Hasemi.

Adriko alifanya ulivyosema. Mimi nilikanyaga mafuta, yeye akainama. Aliniita nije nione, akakaa yeye kwenye usukani. Mpira ulijibana kabisa, kuta mbili zikagusana. Akapunguza, ukafunguka. Nilimwomba arudie mara ya tatu, naye akakataa. Akazima, akaenda kunawa mikono, ijapokuwa haikuwa na mafuta. Ametafuta mpira mgumu na kuusokotea springi mpya ya waya usioshika kutu.

Nawe nikuambie nini? Hakuna mtu anayeweza kusema kama madaktari wangemwokoa Mama hata kama mngefika. Hilo wewe hulijui, nami silijui, na hatutalijua. Lakini Baba angeweza kuwa na miaka hii. Angeweza kulala. Mama aliuawa na ugonjwa, labda. Haya mengine uliyafanya wewe, siku baada ya siku, ukiwa mzima na kalamu mkononi. Mimi ni mwalimu, nimechoka kuwaambia watoto waseme kweli mapema kwa sababu adhabu ni ndogo.

Tunakuja Jumamosi tarehe 27. Usiandae kitu.

Laurette


Kuluba
14 Julai 2024

Laurette,

Nimesoma. Njooni. Nitakuwepo, sitakwenda popote.

Pasca nimemwambia juzi. Naye hakujua. Amehamia chumba cha Sandra.

Kaburi nimelifagia.

Jada


Awindiri, Arua
30 Julai 2024

Baba mdogo,

Nakuandikia upesi, nina madaftari ya watoto mezani mpaka kidevuni.

Ulituona tukifika, lakini njia hukuiona, na nadhani unastahili kuijua kwa sababu gari ni kazi yako pia. Tulipita Manibe kwa themanini na tano. Baba alikaa mbele, kando yangu. Kila baada ya muda aliuliza, "Mshale?" Nikajibu, uko katikati. Tulipokaribia Maracha nilitaka kupunguza, nilidhani atapenda tusimame. Akasema, "Usisimame. Pita." Nikapita. Alishusha kioo akatoa mkono nje, na hakuurudisha mpaka Koboko mjini.

Alivyopita mbele yako bila kukusalimu, ingawa nilimwambia upo, na wewe umesimama hapo na kofia mkononi, nami niliona. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu mwenyewe ya kutosha, lakini pale nilitamani atikise hata kichwa. Mama mdogo alipomwongoza mpaka kaburini nilimwona akipapasa saruji kote, pembe hadi pembe, kama anayepima. Sikumkaribia.

Nilikuwa nimepanga kurudi naye Jumapili. Sikutarajia aseme anabaki. Nilipomuuliza atabaki na nani akasema, "Hii ni nyumba ya baba yangu." Basi. Vidonge vyeupe ni viwili asubuhi na viwili jioni, baada ya chakula. Cha njano ni kimoja, mchana. Asile chumvi. Anaweza kukudanganya kwamba amemeza, kwa hiyo mtazame mpaka afungue mdomo. Sina mtu mwingine wa kumkabidhi kazi hiyo. Mama mdogo yuko shambani mchana kutwa.

Niandikie anaendeleaje. Andika kweli.

Laurette


Kuluba
18 Agosti 2024

Binti yangu Laurette,

Salamu kutoka kwetu wote. Mvua imepiga mahindi lakini yamesimama. Pasca amerudi chumbani wiki iliyopita, hajasema kwa nini. Sandra anamsomea kaka gazeti la zamani kila jioni, mpaka matangazo.

Umesema niandike kweli.

Siku sita za kwanza kaka hakuniambia neno. Nilimpelekea vidonge, akanyoosha mkono, akameza, akafungua mdomo, nikatazama, nikaondoka. Akitaka maji alimwita Pasca. Kama Pasca hayupo, alikaa na kiu. Nami sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimeandika yote, na niliona nikisema tena nitakuwa najitafutia nafuu.

Siku ya saba, jioni, nilikuwa nimekaa nje napukuchua mahindi. Yeye haoni, mimi sisikii. Kwa hiyo kama anataka kunifikishia neno hana njia ila kuja mpaka sikioni. Alikuja akipapasa ukuta, akanishika bega, akatafuta sikio langu kwa vidole, akaweka mdomo hapo. Nilidhani atanipiga. Alisema, kwa nguvu, Pasca alimsikia toka jikoni, "Ungeniambia tu. Mimi ni kaka yako. Ningekuchukia mwaka mmoja, kisha ingekwisha."

Nikamwambia nilijua. Hiyo ndiyo kweli, Laurette. Nilijua ingekwisha, na bado sikusema.

Akarudi ndani. Siku mbili zilizofuata alinyamaza tena. Nakuandikia hivi ili usije ukadhani mambo yamekuwa matamu. Usiku anaita jina la mama yako, na Pasca ananieleza asubuhi, na siku hizo sina ninachoweza kula. Miguu yake imepungua uvimbe. Anatembea mpaka kaburini peke yake, nimemfungia kamba kutoka mlangoni ya kushika.

Jana Jumamosi alinitafuta tena, akasema sikioni kwamba kesho anataka kwenda kanisani na hawezi kwenda na ndevu kama za mbuzi. Pasca akasema atamnyoa. Kaka akasema, palepale sikioni mwangu, "Hapana. Jada."

Nilichemsha maji, nikafungua wembe mpya. Akakaa kwenye kiti nje, akainua kidevu, akafumba macho yake. Nilianza na mashavu. Shingo niliiacha mwisho. Kazi ile ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Nilipomaliza alipitisha kiganja pole pole kote, akanivuta, akasema sikioni mwangu kwamba nimeacha nywele chini ya sikio lake la kushoto. Nikairudia sehemu ile.

Baba yako mdogo,
Jada